Nusu ya sadaka ya Krismasi ingoje Epifania

Mhariri,

Kila Desemba makanisa ya hapa Mombasa hukusanya unga, mchele na fedha kwa ajili ya wasiojiweza, na kila Desemba karibu vyote huwa vimeshagawanywa kabla ya kengele ya Krismasi kulia. Sisi tunaohudumu kwenye meza ya kuhesabia sadaka na kwenye jiko la kanisa tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo moja: nusu ya kile ambacho washirika wanatoa kwa ajili ya sikukuu isigawanywe Krismasi. Itunzwe, kiasi chake kitangazwe mbele ya watu, na itoke Epifania, siku ya kuwakumbuka Mamajusi, tarehe 6 Januari, au Jumapili iliyo karibu nayo.

Sababu imo ndani ya mfuko wenyewe. Mfuko wa sikukuu wa kawaida huwa na pakiti mbili za sembe za kilo mbili mbili, pakiti moja ya unga wa ngano, mchele kilo mbili, sukari kilo moja, mafuta lita moja, majani ya chai, chumvi na mche wa sabuni. Mkononi ni mzito, unakaribia kilo 11, na anayeupokea hushukuru kwa dhati. Lakini nyumba ya watu sita ikisonga ugali mara moja kwa siku hula karibu kilo nzima ya unga. Sembe hiyo ni ya siku nne. Ngano huishia kwenye chapati za Krismasi pamoja na mafuta, mchele ni milo miwili. Mfuko uliotolewa tarehe 23 hauvuki mwaka, hata mama wa nyumba awe hodari wa kubana namna gani.

Na kinachongoja ng'ambo ya mwaka kinajulikana. Kodi ya nyumba hutakiwa kufikia tarehe 5. Shule hufunguliwa na orodha ya daftari, sare, viatu na karo. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba mapema kwa ajili ya sikukuu, kwa hiyo kutoka mshahara ule hadi ule wa mwisho wa Januari huwa kuna wiki tano au sita. Vibarua walioitwa hotelini kwa ajili ya msimu huanza kupunguzwa wageni wa bara wakirudi kwao. Watu hawakuubatiza mwezi huu Njaanuari bure. Na ni mwezi huo huo ambao stoo ya kanisa huwa imeshafagiliwa na kamati ya misaada iko mapumzikoni.

Wapo watakaosema kwamba siku ya zawadi ni Krismasi. Tusome tena Mathayo sura ya 2. Mamajusi hawakufika usiku ule wa horini. Walimkuta mtoto nyumbani pamoja na mamaye, wakafungua hazina zao, wakatoa dhahabu, uvumba na manemane. Linalofuata baada ya hapo ni Yusufu kuambiwa aondoke akimbilie Misri, naye akaondoka usiku. Zawadi ziliifikia familia ile ikiwa ukingoni mwa safari ngumu. Kanisa limetenga siku ya kulikumbuka tendo hilo, na katika makanisa yetu mengi siku hiyo hupita na wimbo mmoja na mahubiri juu ya nyota.

Nusu ya Desemba nayo iende wapi? Iende jikoni. Krismasi tule pamoja, wenye nacho na wasio nacho, kwenye sinia moja. Wiki ile ya mwisho ya mwaka nusu ya kwaya huwa kwenye treni ya Miritini au kwenye basi la bara. Wanaobaki mjini ni wenye zamu kazini, wagonjwa, wazee, wenyeji wa pwani, na wale wasio na nauli ambao hawatakwambia kwamba hawana nauli. Mtu wa aina hii akipewa mfuko mlangoni atakwenda kula peke yake chumbani. Kanisa la pwani hii lilikuzwa na watu wasio na ukoo karibu: Frere Town ilianzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya waliokombolewa kutoka utumwani, na kengele yao bado imesimama pale Kengeleni. Kuwakusanya waliobaki ni kazi tuliyoirithi.

Karamu ya kanisa huharibika kwa makosa yale yale kila mwaka, kwa hiyo tutataja vipimo. Kwa watu 100 wanaokula watano kwa sinia, pima mchele kilo 12, nyama kilo 12, viazi kilo 8, vitunguu maji kilo 5, mafuta lita mbili na nusu, kitunguu thomu nusu kilo, tangawizi robo kilo, bizari nzima gramu 200, kisha pilipili manga, iliki, karafuu na mdalasini kwa kiasi. Mbuzi wa kilo 28 akiwa hai hutoa kilo 12 hadi 14 za nyama na mifupa, basi mbuzi mmoja kwa watu 100 ni hesabu ya kutegemewa. Watu 300 ni sufuria tatu. Sufuria moja kubwa mno hutoa ukoko chini, bokoboko katikati na mchele wenye kiini juu, kwa sababu uzito wa juu hukandamiza wa chini na moto haupandi. Ukishakauka maji, punguza moto chini na upalie makaa juu ya mfuniko. Hapo ndipo punje za juu huiva.

Maji yapimwe kwa mchele ulio nao. Pishori hutosheka na lita moja na nusu kwa kilo, mchele mgumu wa gunia hunywa zaidi. Siku moja kabla, chukua kilo moja kutoka gunia lile lile uipike peke yake, uone inataka kiasi gani. Na kabla mpishi hajatia chumvi, ayaonje maji. Visima vingi vya hapa vina maji ya chumvi, na bomba likikatika usiku wa kuamkia Krismasi vijana hukimbilia kisimani bila kumwambia mpishi. Akitia chumvi yake ya siku zote, kilo 12 za mchele na mbuzi mzima haviliki tena. Ni salama kununua mitungi ya maji matamu mapema, au kuagiza boza tangi la kanisa lijazwe tarehe 23.

Jambo linalotutia hofu zaidi ni saa. Desemba ni kaskazi, jua kali na unyevu, na wapishi wengi hupenda kumaliza kupika saa mbili asubuhi ili nao waingie ibadani. Ibada huisha saa saba, matangazo na salamu za wageni huifikisha saa nane, na pilau imekaa saa sita ndani ya sufuria iliyofunikwa, ikiwa vuguvugu. Wali uliokaa hivyo huotesha vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka, na sumu vinayotoa haiondoki hata ukiupasha moto tena. Watoto hutapika jioni na watu husema ni jicho la mtu. Sufuria iepuliwe ibada inapokaribia kwisha, na chakula kiliwe ndani ya saa mbili. Ikibidi kungoja, ibaki juu ya makaa, iwe ya moto kiasi cha kutoa mvuke ukifunua. Wapishi wafanyiwe ibada yao ya alfajiri, wasilazimike kuchagua kati ya meza ya Bwana na sufuria.

Kwa sababu hiyo hiyo tunashauri pilau na si wali wa nazi, ingawa tunajua wali wa nazi na mbaazi ndicho chakula cha nyumbani kwa wengi wetu. Tui huchacha kabla ya kitu kingine chochote mezani. Kachumbari ndiyo ya pili, nayo ikatwe mwisho kabisa, nyanya na vitunguu vikiwa vimeoshwa kwa maji yaliyotiwa dawa. Pipa la kunawia lenye bomba, pamoja na sabuni, liwekwe njiani kuelekea masiniani ambako kila mtu lazima apite. Likiwekwa pembeni halitumiki.

Mnyama achinjwe na Muislamu. Ndiyo desturi ya mji huu kwa yeyote anayetarajia wageni, na kanisa lisilotarajia jirani siku ya Krismasi lina la kujiuliza. Nyama ikaguliwe na kupigwa mhuri, na masufuria ya kukodi yatoke mahali ambapo nguruwe hajapikwa. Anayetaka kumkaribisha jirani awe na hakika mbele yake. Sahani iliyokuja na pilau ya Idi haifai kurudi tupu, na mwenye jirani mgonjwa au mjane wa dini yoyote apelekewe chake kikiwa bado cha moto.

Kuhusu nyakati za ibada tutasema kwa ufupi. Bandari ya Kilindini haifungi, feri ya Likoni haifungi, hospitali hazifungi, na hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu ndizo kwanza zimejaa. Ibada moja ya saa tatu asubuhi tarehe 25 inawaacha nje watu hao wote. Iwepo ya saa moja jioni tarehe 24, ya saa kumi na mbili asubuhi tarehe 25 itakayokwisha saa moja na nusu kamili, kisha ile kubwa. Ya alfajiri iwe na ushirika mtakatifu wake na sadaka yake, maana mlinzi atokaye zamu naye ana haki ya kuileta bahasha yake madhabahuni kwa mkono wake. Mkesha wa mwaka mpya ukivuka saa sita usiku, kuwe na mikeka na mlango wazi hadi alfajiri kwa wanawake na watoto wa ng'ambo. Kuwatoa saa saba ya usiku wakatafute tuktuk ni kuwatelekeza.

Sasa tuje kwenye pingamizi kubwa, ambalo hatulipuuzi: fedha zikikaa wiki mbili, zitaliwa. Hofu hiyo ina msingi mahali ambapo hesabu ni ya mtu mmoja. Paulo alipokuwa akikusanya mchango wa maskini wa Yerusalemu alimtuma Tito na ndugu wawili, na katika 2 Wakorintho sura ya 8 anasema wazi kwamba alifanya hivyo ili mtu asiwalaumu kuhusu karama ile. Watu watatu, basi, ndicho kiwango cha chini, na wasiwe wa nyumba moja wala ukoo mmoja.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mfuko wa sadaka hufungwa kwa uzi na lakiri mbele ya washirika, kabla haujaondoka madhabahuni. Chumbani feni huzimwa, hata joto liwe kali vipi, kwa sababu noti moja ya 1,000 ikipeperuka chini ya kabati huzaa lawama za mwaka mzima. Noti hutengwa kwa thamani, zikielekezwa upande mmoja. Sarafu hupangwa kumi kumi: rundo la za 20 ni shilingi 200, la za 10 ni 100, la za 5 ni 50, na rundo lililo fupi kuliko jirani zake huonekana kwa jicho. Mmoja huhesabu na kunong'ona jumla kwa mwandishi, wa pili huhesabu upya bila kuisikia ile ya kwanza, na mwandishi huandika kwa kalamu ya wino pale tu zinapolingana. Bahasha huandikwa kiasi kilichokutwa ndani, hata kama nje pameandikwa kingine, na zote hutunzwa hadi mwezi uishe ili mwenye swali aonyeshwe yake. Fomu ni nakala tatu: ya mweka hazina, ya katibu, na ya ubao wa matangazo, hii ya mwisho ikiwa na jumla pekee bila majina.

Kosa linaloua hesabu nyingi za sikukuu ni dogo. Mtu wa jenereta anataka petroli, mpiga kinanda anataka nauli, na mhudumu anachomoa shilingi 500 mfukoni kabla ya kuhesabu, kwa nia njema kabisa, akikusudia kuandika baadaye. Ikishatoka mara tatu, hakuna tena anayejua sadaka ilikuwa kiasi gani. Fedha za matumizi madogo zitolewe benki tarehe 23, zikae kwenye kijaluba chake na risiti zake, na kilicho ndani ya mfuko wa sadaka kisiguswe mpaka kihesabiwe na kuwekwa.

Kuwekwa wapi? Benki hufungwa tarehe 25 na 26. Krismasi ikiangukia Alhamisi, fedha za ibada kubwa kuliko zote za mwaka hulala ofisini hadi Jumamosi au hata Jumatatu, na wezi wanaijua kalenda kama sisi. Kuna wakala wa benki anayefanya kazi tarehe 26, lakini naye hupokea kwa kadiri ya floti yake, yaani salio alilo nalo la kufanyia kazi, kwa hiyo azungumzwe wiki moja kabla. Waende watatu, mchana, na risiti ibandikwe kwenye fomu ya hesabu. Lisipowezekana hilo, liwepo sanduku la chuma lililofungiwa ukutani kwa bolti, lenye kufuli mbili, na funguo zilale nyumba mbili tofauti.

Wanaotoa kwa simu ndio wanaorahisisha mpango wetu, mradi kanisa liwe na Paybill yake, yaani namba yake ya kupokelea malipo ya simu. Sehemu ya namba ya akaunti mtoaji aandike neno KRISMASI au EPIFANIA. Bila maelekezo watu huandika majina yao, na fedha zote huangukia mfuko mmoja. Basi maneno hayo mawili yachapwe kwenye bahasha na yasomwe katika matangazo Jumapili zote nne za Majilio, na kila Jumatatu mweka hazina atoe taarifa ya malipo, awapigie walioandika kingine awaulize walikusudia nini. Kamwe isitumike namba ya simu ya mweka hazina mwenyewe. Hata awe mwaminifu kama nini, fedha za kanisa zikichanganyika na za unga wa watoto wake hana njia ya kujitetea, na akifariki ghafla salio hilo ni mali ya urithi, na kanisa litabaki kuwaomba wafiwa.

Nusu ya Epifania itunzwe ikiwa fedha. Asije mtu akanunua magunia Desemba ya kugawa Januari. Joto na unyevu wa pwani huzalisha fukusi ndani ya mchele na ngano, na unga wa dona hugeuka mchungu. Vyakula vilivyoletwa na washirika mkononi vitangulie jikoni na kwa wagonjwa. Vikibaki, viwekwe juu ya mbao shubiri moja kutoka sakafuni, mbali na ukuta, visiwe chini ya bati lisilo na dari.

Orodha ya watakaopewa iandaliwe Novemba, wakati hakuna harufu ya pilau hewani. Kila jumuiya iandike nyumba zake: watu wangapi, watoto wa shule wangapi na madarasa yao, nani mgonjwa, nani hana kazi. Kisha wahudumu wawili wapite kwenye nyumba hizo jioni. Zipo nyumba mbili ambazo orodha hukosea daima. Ya kwanza ni ile inayoandikwa mara tatu, na jumuiya, na umoja wa akina mama, na idara ya vijana, kwa hiyo orodha zote ziwekwe meza moja zilinganishwe kwa namba ya mlango au jina la mwenye nyumba. Ya pili ni ile isiyoandikwa kabisa: mpangaji mpya, yaya anayelala kwa tajiri wake, mzee ambaye alikuwa akitoa vizuri alipokuwa kazini na leo anaona haya. Huyu wa mwisho hatainua mkono ukiuliza kanisani. Atajulikana na jirani yake wa benchi tu, naye ndiye wa kuulizwa, faraghani.

Januari yenyewe, uliza kila nyumba inasumbuliwa na nini, badala ya kuipa kila moja mfuko ulio sawa. Karo ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule na stakabadhi ipewe mzazi. Kodi vivyo hivyo kwa mwenye nyumba. Kwa viatu vya shule, mtoto asimame kwenye karatasi, mguu uchorwe kwa penseli, umbo likatwe kwa mkasi, na nyuma iandikwe namba ya nyumba pekee. Karatasi hiyo ndiyo iendayo dukani, iingizwe ndani ya kiatu na ibaki nafasi ya upana wa kidole mbele. Viatu vinavyonunuliwa kwa kukisia umri huishia kuuzwa tena au kuvaliwa vikiwa vimekanyagwa kisigino. Wanaohitaji chakula wapelekewe chakula, tuktuk moja hubeba mifuko 15 bila taabu, na wapeleke watu wawili, jioni, bila kamera. Picha ya mama aliyeshika mfuko wa unga itazunguka kwenye simu za mtaa hata mwanawe akiwa kidato cha nne.

Lipo la malimbuko, nalo ni zito kulisema. Makanisa kadhaa hufundisha kwamba mshahara mzima wa Januari uletwe madhabahuni. Anayetoa kwa hiari na ana cha kula, abarikiwe. Lakini Kumbukumbu la Torati sura ya 26, ambako fundisho hilo hutolewa, inazungumzia kapu la mazao ya kwanza, na mara baada ya kapu kuwekwa, mtoaji anaambiwa afurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliye kati yao. Mama mwenye wanafunzi watatu akiambiwa alete ujira wake wote wiki ile ile ya kufunguliwa shule, kisha mwezi wa pili akaja kuomba msaada kwa kamati ile ile, tumemzungusha bure na kumtia haya. Tunawasihi wachungaji wanaofundisha hivyo walitazame upya, angalau kwa walio kwenye orodha ya Epifania.

Na wenye vyeo wanaokuja na malori ya unga siku ya sikukuu? Kanisa Anglikana la Kenya lilikataza wanasiasa kuhutubu makanisani mwake Septemba 2021, na Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likatangaza kuurudisha mchango wa Rais. Parokia na shirika dogo la mtaani halina nguvu za jimbo kuu, lakini linaweza kuwa na utaratibu mmoja kwa wote: anayetaka kutoa atumie Paybill au bahasha kama washirika wengine, na kiasi chake kisomwe ndani ya jumla. Lori litaelekezwa kwa upole kwenye stoo, siku ya kazi, bila kipaza sauti.

Makanisa ambayo yameshanunua mifuko ya mwaka huu hayajachelewa. Mifuko itoke kama ilivyopangwa, na sadaka ya fedha ya tarehe 24 na 25 pekee igawanywe nusu kwa nusu mezani, jioni ile ile, kila nusu na fomu yake. Jumapili inayofuata katibu asome tarakimu mbili: kilichotumika jikoni, na kinachongoja tarehe 6.

Wahudumu wa meza ya sadaka na jiko la kanisa,
Kisauni, Mombasa